Goti jipya hutaka mazoezi mapema

Ikiwa wewe au mzazi wako amefanyiwa upasuaji wa kuwekewa goti bandia, jueni kwamba kazi haijaisha. Daktari mpasuaji huondoa sehemu za mifupa zilizolika na kuweka za chuma na plastiki. Kulifanya goti hilo likunjike na kunyooka ni kazi ya mgonjwa mwenyewe, na wiki za kwanza ndizo muhimu zaidi.

Baada ya upasuaji, mwili huunda kovu ndani ya goti kama unavyofanya kwenye ngozi. Goti lisiposogezwa, kovu hukaza na mguu hubaki mgumu kama gogo. Kwa hivyo jamaa wanaomwambia mgonjwa, "Wewe lala tu, mama, tutakuletea kila kitu," humdhuru bila kujua.

Goti lapaswa kukunjika kiasi gani?

Mguu ulionyooka kabisa huhesabiwa kuwa digrii 0. Kutembea mahali tambarare huhitaji goti likunjike kama digrii 65. Kupanda ngazi, au kuinuka kitini bila taabu, huhitaji 90 au zaidi. Wagonjwa wengi hatimaye hufikia kati ya 110 na 120. Kuchuchumaa chooni huhitaji zaidi ya hapo, kwa hivyo tayarisheni choo cha kukalia kabla mgonjwa hajarudi nyumbani.

Kunyoosha kusisahauliwe. Goti lisiponyooka humfanya mtu achechemee na kuchoka upesi. Usiweke mto chini ya goti, hata kama unaona raha. Uweke chini ya kisigino ili goti lishuke lenyewe.

Mazoezi ya nyumbani

Fanya haya mara 3 kwa siku, kila moja mara 10, isipokuwa daktari wako ameagiza vingine:

1. Ukiwa umelala chali, kaza msuli wa paja huku ukisukuma goti kuelekea kitandani. Hesabu hadi 5, kisha legeza.

2. Buruta kisigino polepole kuelekea makalioni, kisha kirudishe.

3. Keti kitini na uvute mguu nyuma chini ya kiti kadiri uwezavyo. Mguu mzima waweza kuusaidia ule mwingine.

Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa nusu saa hivi kabla ya kuanza. Ukimaliza, inua mguu na uweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa kwa dakika 15. Maumivu ya kuvutika yanayopungua baadaye si ya kuogopwa.

Wakati wa kumwona daktari

Ikiwa wiki 6 zimepita na goti halijafika digrii 90, rudi kwa daktari aliyekupasua. Anaweza kulikunja ukiwa umepewa dawa ya usingizi, lakini hilo hufaa zaidi kabla ya miezi 3 kwisha, kovu likiwa bado laini.

Nenda hospitali mara moja ukiona usaha, homa, wekundu unaoenea, au shavu la mguu likivimba na kuuma. Ukikosa pumzi ghafla au kifua kikiuma, usingoje hata kidogo: huenda damu iliyoganda imefika kwenye mapafu.

Siku zinazopita bila mazoezi ni vigumu kuzifidia. Anza mapema.