JINA LA HOMA NI LA NANI?

Mwaka huu nimeonelea niandike juu ya homa moja ambayo sisi watu wa Mto Tana tunaijua vizuri. Na kwa kuwa chama chetu ni cha lugha, nitaanza na jina lake.

Homa yenyewe huitwa Homa ya Bonde la Ufa. Hebu jiulize, Bonde la Ufa liko wapi na Garsen iko wapi? Kwetu ni tambarare, mto na mafuriko. Mlima hatuna hata wa kusingizia! Jina hilo limetoka upande wa Naivasha. Mwaka wa 1930, kondoo wa shamba moja la walowezi walianza kutupa mimba, na wana-kondoo wakafa kwa wingi. Serikali ya kikoloni ilikuwa na maabara ya mifugo huko Kabete, basi wataalamu wakashughulika upesi. Mwaka wa 1931 Daubney, Hudson na Garnham wakachapisha makala kueleza kwamba ugonjwa huo unaletwa na virusi. Kazi yao ilikuwa kubwa na sitaki kuwanyima haki yao.

Lakini wachungaji Waafrika waliowachunga kondoo hao nao waliugua. Majina ya mabwana watatu yamo vitabuni. Ya wachungaji huyaoni. Na ugonjwa ukapewa jina la mahali palipokuwa na mali ya mlowezi, maana maabara nayo ilijengwa kuifuata mali hiyo. Ng'ombe wa Muorma huku chini, au mbuzi wa Msomali ng'ambo ya mto, nani angewapimia damu wakati huo?

Ati hapakuwa na njia nyingine ya kutoa majina? Ilikuwepo. Chikungunya, iliyochunguzwa Tanganyika kusini kuanzia 1952, ina jina la Kimakonde, yaani ugonjwa unaomkunja mtu. O'nyong-nyong, iliyozuka Uganda mwaka wa 1959, ina jina la Kiacholi. Hapo angalau mgonjwa mwenyewe alisikilizwa anavyosema viungo vyake vinamfanyaje.

Sasa tuje kwetu. Virusi hivi hukaa ndani ya mayai ya aina fulani ya mbu, na mayai hayo hudumu katika udongo mkavu hata miaka. Mvua kubwa ikija na mabonde yakijaa maji, mbu huanguliwa na kuwauma mifugo. Mtu naye huambukizwa na mbu, au akishika damu ya mnyama mgonjwa, kwa mfano wakati wa kuchinja au kuzalisha. Ndivyo ilivyokuwa mwishoni mwa 2006. Mvua ilipiga sana, na homa ikathibitishwa mwezi wa Desemba. Garissa, Ijara na Tana River ni miongoni mwa sehemu zilizopatwa. Kufikia Machi 2007, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limehesabu wagonjwa 684 katika Kenya, na 155 kati yao walifariki.

Watafiti waliporudi baadaye kuwauliza wafugaji wa kaskazini mashariki, walikuta jambo ambalo mimi naona ndilo kubwa kuliko yote. Wafugaji Wasomali walikuwa na jina lao tayari, sandik, yaani damu inayotoka puani. Waliona mbu wamezidi, wakaona wanyama wanatupa mimba, wakajua. Walijua kabla ya idara yoyote. Tangu mnyama wa kwanza kuugua hadi maafisa wa mifugo kufika, ilipita kama miezi miwili hivi kwa wastani. Watu walianza kuugua kabla ya muda huo kwisha.

Mzee mmoja wa kwetu, mwenye ng'ombe, aliniambia hivi: "Mjukuu wangu, sisi tulisema. Kusema kwetu hakukuwa na karatasi." Kisha marufuku ya kuuza na kuchinja ilipokuja, yeye alikaa na mifugo asiyoweza kuiuza, na karo ya watoto ikamshinda.

Siku hizi watafiti wengi wa homa hii ni Wakenya, na wengine huanza kwa kumuuliza mfugaji. Hayo ni mabadiliko. Ila tazama chanjo. Ile ambayo mifugo wetu wamechanjwa nayo miaka mingi ilitokana na virusi vilivyopatikana kwa mbu wa msitu wa Semliki, Uganda, mwaka wa 1944, na jina lake ni Smithburn, mtaalamu wa Kimarekani. Inafaa, lakini mnyama mwenye mimba aweza kuitupa akichanjwa. Ya binadamu inajaribiwa tu. Hakuna hata moja iliyokwisha kuidhinishwa kwa matumizi ya watu wote, na mvua ya Mto Tana haingoji.