Laptopu Mpya Inavuma? Usimzibe Mtoto Mdomo

Leo naanza na barua ya mdogo wetu mmoja, mwanafunzi wa chuo, aliyeniandikia kwa uchungu mpaka nikacheka, anisamehe:

"Dada, shikamoo. Nimejinyima mwaka mzima, nimenunua laptopu mpya, leo ina wiki moja tu. Nikiiwasha, feni inavuma kama pangaboi bovu. Usiku mwenzangu wa chumbani anajigeuza-geuza kitandani. Juzi maktaba watu wamenigeukia, nikaifunga nikatoka. Je, nimeuziwa mbovu? Na kuna namna ya kuizima hiyo feni?"

Marahaba, mdogo wangu, na hongera kwa kujinyima. Kwanza tulia, huenda hujauziwa mbovu. Pili, hilo wazo la kuizima feni litoe kichwani leo hii. Mimi nimeshalipitia. Nilishusha programu ya kuituliza feni, nikaibana mpaka ikanyamaza, nikajiona fundi. Siku ya pili, katikati ya ripoti ambayo sikuwa nimeihifadhi, kioo kikawa cheusi ti! Ilikuwa imejizima yenyewe kwa joto. Ripoti niliianza upya saa nne za usiku.

Kwa Kiswahili sanifu laptopu ni kompyuta mpakato, kitu cha kupakatwa kama mtoto. Basi mtoto wa kupakata akilia humzibi mdomo. Unamgusa paji la uso, unaangalia nepi, unajiuliza amekula saa ngapi. Feni nayo hailii bure, inalia kwa sababu ndani kuna joto. Ondoa joto, itanyamaza yenyewe. Kwa hiyo tujiulize maswali matatu.

La kwanza: unailaza wapi? Na hapa ndipo hilo jina la mpakato linapotuponza. Igeuze chini-juu uone: laptopu nyingi zina matundu tumboni, na huko ndiko feni inakovuta hewa ya baridi, halafu inaitoa ya moto ubavuni au nyuma. Sasa wewe unaiweka juu ya godoro, au unaipakata juu ya dera na kanga. Matundu yameziba, feni inahangaika kuvuta hewa isiyokuwepo. Iweke mezani. Kama ni lazima kitandani, ilaze juu ya sinia pana au ubao wa kukatia mboga. Kisha inyanyue kidogo kwa nyuma: vifuniko viwili vya chupa za maji, kimoja kila pembe, vinatosha ikiwa hujapata hela ya stendi. Usiisogeze ukutani upande inakopumulia. Na kumbuka feni haiwezi kuipoza kompyuta kupita hewa ya chumba. Chumba cha Dar mwezi wa Februari kina nyuzi joto 30 na ushee, kwa hiyo pangaboi la darini liwashe, dirisha lifungue.

Swali la pili: inafanya kazi gani wewe usiyoiona? Kompyuta mpya, mdogo wangu, ni kama bi harusi aliyehamia juzi, bado anafungua masanduku. Siku za mwanzo inashusha apdeti za Windows, inakagua virusi, inaorodhesha mafaili yako yote ili ukitafuta kitu ikipate haraka, na pengine inapakia picha zako kwenye hifadhi ya mtandaoni. Hayo yote hufanyika kimyakimya huku wewe unaandika mistari miwili ya asaimenti. Mpe nafasi amalize. Siku moja iache mezani imewaka, imechomekwa kwenye umeme na kuunganishwa na Wi-Fi ya chuo. Usitumie bando lako la simu, apdeti za namna hiyo zinakula GB na GB, utalia tena kwa jambo jingine. Zikiisha, izime uiwashe upya. Wengi kelele zao huishia hapo.

Kelele zisipoisha, mtafute mla nishati. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, itafunguka orodha ya kila programu inayofanya kazi. Gusa safu ya CPU, yaani prosesa, ubongo wa kompyuta, na programu inayokula zaidi itapanda juu. Mara nyingi utakuta ni kivinjari chenye kurasa 30, mojawapo inacheza video umeisahau, au programu zilizokuja na kompyuta ambazo hukuziomba. Funga usizotumia, futa ambazo una uhakika huzihitaji, lakini za Windows yenyewe usiziguse. Na programu za kusafisha na kuongeza kasi zinazotangazwa mtandaoni, achana nazo, zinaongeza mzigo tu.

Swali la tatu ndilo wauzaji hawakuambii: inakimbia mwendo gani? Nitoe mfano wa prosesa moja iliyoenea sana kwenye laptopu za bei ya kati, Intel Core i5-1235U ya mwaka 2022. Kwa mwendo wa kawaida imepangiwa wati 15. Ikikurupuka kwa kasi yake ya juu, inaruhusiwa kufika wati 55. Mnakumbuka zile glopu za zamani za wati 60, ukiigusa moja unaruka? Joto linalokaribia hilo limo ndani ya kitu chembamba kama daftari. Feni isivume kwa nini? Na kompyuta hukurupuka hivyo hata kwa kufungua ukurasa mmoja tu, ili uione ina kasi.

Ipunguze mbio. Kwenye Windows 11, nenda kwenye mipangilio ya mfumo, upande wa umeme na betri, utakuta ngazi tatu za nguvu. Kama iko kwenye ngazi ya utendaji wa juu kabisa, ishushe iwe ya kati au ya kuokoa nishati. Angalia pia programu ya kampuni iliyoitengeneza. ASUS wana MyASUS, Lenovo wana Vantage, na humo kwenye laptopu nyingi kuna hali ya utulivu inayoishusha feni kwa njia salama, kwa sababu inapunguza joto kwanza. Kwa kuandika, kusoma na kutazama video hutaona tofauti kubwa. Siku ya kuhariri video au kucheza gemu, irudishe juu na ukubali ivume. Kazi nzito ina jasho lake.

Usiogope pia ukiambiwa prosesa imefika nyuzi 80 au 90 kazi ikikolea. Hiyo niliyoitaja ina kikomo cha nyuzi 100, na ikikaribia hapo hujipunguza mwendo yenyewe.

Sasa sikiliza aina ya mlio. Mvumo wa upepo, hata uwe mkubwa, ni wa kawaida. Lakini ikikwaruza, ikigonga tik-tik-tik au ikitetemeka ukaisikia mkononi, hiyo ni feni yenye hitilafu. Vivyo hivyo ikivuma kwa nguvu saa zote, hata ukiwa hujafungua kitu na umeshafanya yote niliyosema. Hapo usimpelekee fundi wa mtaani aifungue, maana dhamana inaweza kupotea. Rekodi mlio kwa simu, chukua risiti na boksi, rudi dukani mapema. Ukichelewa watakuambia uliiangusha.

Na nyie ambao hamjanunua bado na hampendi kelele, ulizeni kabla ya kutoa hela. Laptopu za gemu zinavuma kwa asili yake. Zipo pia zisizo na feni kabisa. MacBook Air yenye chipu ya M1, iliyotoka mwaka 2020, haina hata moja. Ila ilipotoka bei yake haikuwa ya mchezo, na kazi nzito ikirefuka hupunguza mwendo ili isichemke.

Kwa hiyo, mdogo wangu, leo usiku itoe laptopu kitandani, iweke mezani juu ya vifuniko vyako viwili, ishushe ngazi ya nguvu, na kesho uipeleke chuo ikamalize apdeti zake. Ipe siku tatu. Ikinyamaza, mwombe radhi mwenzako wa chumbani. Isiponyamaza, risiti mkononi, dukani.