Asili ya Chuma na Dhahabu: Myeyungano wa Nyuklia katika Nyota

Makala haya yanachunguza namna nyota zinavyounda atomi nzito kutokana na atomi nyepesi. Katika lugha ya kawaida husemwa kwamba nyota huwaka, na msikilizaji hufikiria moto wa kuni. Hata hivyo, moto wa kuni hubadili tu jinsi atomi zilivyopangwa. Kaboni iliyokuwa katika gogo hubaki kuwa kaboni katika makaa na moshi. Ndani ya nyota, elementi moja hugeuka kuwa nyingine. Tukio hilo limepewa jina la myeyungano, neno linalochanganya kuyeyuka na kuungana. Kuungana ndiko kwenye uzito hapa, kwani hakuna kinachoyeyuka mithili ya samli.

Kiini cha hidrojeni ni protoni moja yenye chaji chanya, na chaji zinazofanana husukumana. Ili protoni zikaribiane hata zishikane, sharti ziende kwa kasi kubwa mno. Katika kitovu cha Jua, penye takriban nyuzijoto milioni 15, viini vinne vya hidrojeni hupitia hatua kadhaa na kuishia kuwa kiini kimoja cha heliamu. Heliamu hiyo ina tungamo pungufu kwa takriban asilimia 0.7 ikilinganishwa na hidrojeni iliyoizaa. Kilichopungua hugeuka kuwa nishati, yaani mwanga na joto ambalo mkulima huanikia mahindi yake.

Hatua iliyofuata ndiyo iliyowatatiza wataalamu. Viini viwili vya heliamu vikiungana huunda berili ambayo huvunjika papo hapo. Kaboni basi ilitoka wapi? Mwaka 1953, Mwingereza Fred Hoyle alitoa hoja ya kijasiri: kwa kuwa kaboni ipo kwa wingi, ni lazima kiini chake kiwe na kiwango maalumu cha nishati kinachokiwezesha kiini cha tatu cha heliamu kudakwa kabla ya berili kuvunjika. Wenzake William Fowler walipokitafuta katika maabara huko California, walikikuta. Ni nadra katika sayansi kwa wingi wa elementi kutumika kubashiri tabia ya atomi.

Nyota zenye tungamo la takriban mara nane ya Jua au zaidi huendelea mbele. Kaboni huzaa neoni na magnesi. Oksijeni huzaa silikoni na salfa. Hidrojeni hudumu mamilioni ya miaka, ilhali silikoni huisha kwa muda wa siku chache tu. Mwisho wake ni chuma. Viini vya kundi la chuma vimefungamana mno hivi kwamba kuviunganisha hakuzalishi nishati bali huila. Kitovu kikishajaa chuma, hakuna tena cha kuhimili uzito wa nyota. Huporomoka kwa muda usiofika sekunde moja, na tabaka za nje hulipuka.

Elementi zilizo nzito kuliko chuma huhitaji njia nyingine. Nyutroni haina chaji, hivyo hupenya kiini bila kusukumwa. Mwaka 1952, Paul Merrill alitambua teknetiamu katika mwanga wa nyota fulani kuukuu. Aina ya elementi hiyo inayodumu zaidi hupungua kwa nusu kila baada ya takriban miaka milioni 4, muda mfupi sana kwa nyota. Isingekuwepo kama haikupikwa humo humo.

Dhahabu huhitaji nyutroni nyingi kwa mkupuo, kama zile za nyota za nyutroni, ambazo ni mabaki ya milipuko iliyotajwa. (Setilaiti iliyosaidia kuzitambua baadhi yazo kwa eksirei ilirushwa kutoka pwani ya Kenya karibu na Malindi tarehe 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru.) Tarehe 17 Agosti 2017, mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za aina hiyo zilizogongana yalinaswa duniani, na mwanga uliofuata ulionyesha dalili za elementi nzito zilizokuwa zimeundwa muda huo huo. Kama migongano hiyo peke yake inatosha kueleza dhahabu yote iliyopo, wanafalaki wangali wanajadili.