Miguu Mikavu Barabarani, Masika na Kipupwe

Anayetoka Engutoto saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa saba kwenda mjini Arusha kwa baiskeli anajua vidole vya miguu ndivyo vinavyotangulia kufa ganzi. Arusha iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, na miguu ndiyo inayokata upepo huku gurudumu la mbele likiirushia maji ya barabarani.

Kosa ninaloliona kila mwaka ni watu kuvaa kiatu kilekile kwa misimu miwili isiyofanana. Masika, Machi hadi Mei, ni mvua nyingi na baridi ya kadiri. Kipupwe, Juni hadi Agosti, ni baridi kali ya asubuhi, ukungu na manyunyu.

Wakati wa masika, acha miguu ilowe. Vaa katambuga za tairi, ufunge soksi na viatu vikavu ndani ya mfuko. Ukifika kazini osha tope, futa vizuri katikati ya vidole, ndipo uvae. Tairi halinyonyi maji, lakini raba ya kitambaa ikilowa asubuhi hukaa na unyevu hadi jioni, na fangasi hawahitaji zaidi ya hapo. Ukipendelea gambuti, suruali ya mvua ipite nje yake. Ukiichomeka ndani, maji yote ya mapajani yatateremkia humo. Upande wa mnyororo ifunge kwa kipande cha tyubu kuukuu.

Lakini kabla ya kununua kiatu chochote, tazama madigadi yako. Baiskeli nyingi zinazouzwa siku hizi hazina kabisa, au zina kipande kifupi kinachoishia juu. Kata ubavu wa dumu la mafuta la lita tano, au mpira laini, mwambie fundi auning'inize kwenye ncha ya chini ya madigadi ya mbele, ubaki upana wa kiganja kutoka ardhini. Maji yanayopiga miguu hutoka pale chini, nyuma ya gurudumu. Kwa kazi hii ndogo utapata nafuu kuliko kwa viatu vya bei mbaya.

Kipupwe kinahitaji sufu. Pamba ikishika jasho hupoa na kukugandia mguuni. Sufu hutunza joto hata ikiwa na unyevu. Kwenye mitumba soksi za sufu zinapatikana kwa anayechambua bila haraka. Ukiwa na shaka, ukishanunua chomoa uzi mmoja uuchome: sufu hunuka kama nywele zilizoungua, nailoni huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Jozi moja nene inatosha. Ukivaa tatu ndani ya kiatu kinachobana, damu haipiti na baridi inazidi, kwa hiyo kiatu cha kipupwe kiwe kikubwa kidogo, vidole vicheze.

Zamani tulivaa mfuko wa rambo juu ya soksi. Tangu mifuko hiyo ipigwe marufuku tarehe 1 Juni 2019, mfuko uliofungia mkate unafanya kazi ileile: soksi kwanza, mfuko juu yake, kisha kiatu. Utoe mara ufikapo, kwa sababu jasho halina pa kutokea.

Usiku jaza magazeti ndani ya viatu vilivyolowa, uyabadilishe baada ya saa moja. Usivianike juu ya jiko la mkaa: gundi huachia na ngozi hupasuka. Na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini.

Vidole vikishakufa ganzi njiani, shuka, sukuma baiskeli ukitembea dakika chache, hasa penye mlima, mpaka uvisikie tena. Ukifika usivipeleke motoni. Mguu wenye ganzi huungua bila mwenyewe kuhisi.