Sauti Inayojua Kulitamka Jina la Same

Ujumbe unaingia kwenye simu ya mtu asiyeona pale Kwakoa: basi la Same limeshapita Mwanga. Simu inasoma "seimu". Ziwa Jipe nalo, lililo jirani tu, linageuka "jaipu". Mtu anadhani masikio yake ndiyo mabovu, kumbe simu ilitoka dukani na sauti ya Kiingereza na tangu siku hiyo hakuna aliyeigusa.

Kwa hiyo unaporekebisha sauti ya simu, usianze na kasi. Anza na lugha. Kwenye Android, ambako kisoma skrini huwa ni TalkBack, ingia kwenye mipangilio, nenda sehemu ya ufikivu, utafute panaposimamiwa usomaji wa maandishi kwa sauti. Google wana sauti ya Kiswahili. Ipakue ukiwa mahali penye mtandao mzuri; ikishakaa ndani ya simu itasoma hata mtandao ukikatika. Simu ikiwa ya zamani na inajikongoja, weka eSpeak NG, ambayo ni ya bure, nyepesi, na Kiswahili kimo. Inasikika kama bati, sikatai. Lakini ukiongeza kasi, maneno yake hubaki yamenyooka, wakati sauti nyingi zinazoiga binadamu huanza kumeza silabi. Ndiyo maana sipendi ndugu mwenye macho amchagulie asiyeona sauti: yeye husikiliza sentensi moja, ikampendeza, basi. Atakayeisikiliza kutwa nzima ni mwingine.

Kasi ipandishe kidogokidogo, ukizoea hatua moja ndipo uongeze nyingine. Ujumbe wa pesa au namba za tokeni ya umeme wa luku usikilize taratibu. Kwenye matoleo mapya ya TalkBack huhitaji kurudi kwenye mipangilio: telezesha vidole vitatu juu au chini hadi usikie kasi ya matamshi, kisha kidole kimoja juu au chini kuibadilisha. Usipoisikia, iwashe kwanza kwenye mipangilio ya TalkBack yenyewe.

Kompyuta ndiyo yenye uhondo. NVDA, kisoma skrini cha bure kilichoanzishwa mwaka 2006 na Michael Curran wa Australia, ambaye naye haoni, huja na eSpeak NG ndani yake. Shika Insert na Control, kisha mshale wa kushoto au kulia kuchagua unachotaka kurekebisha (kasi, wembamba wa sauti, ukubwa wake), halafu wa juu au chini kukirekebisha. Kwenye laptopu ongeza Shift. Wembamba usiudharau: ukiwa kwenye kelele za mashine ya kusaga, sauti iliyopandishwa kidogo hupenya kuliko ile nzito.

Halafu kuna kamusi ya matamshi, ambayo wengi hawajawahi kuifungua. Imo kwenye menyu ya NVDA, upande wa mapendeleo. Unaandika neno lilivyo, kisha unavyotaka lisikike. "Mh." iwe Mheshimiwa, "/=" ya bei ifutike kabisa, "KKKT" itamkwe unavyopenda. Hayo yaweke kwenye kamusi ya jumla. Lakini marekebisho ya sauti ya Kiingereza, kwa mfano "Same" kuandikwa "Sah-meh", yaweke kwenye kamusi ya sauti hiyo peke yake, la sivyo yataiharibu na ya Kiswahili iliyokuwa haina kosa. Weka pia alama ya kutofautisha herufi kubwa na ndogo, maana neno hilohilo lipo kwenye Kiingereza. Bado litakukwaza likianza sentensi. Hapo hakuna dawa.

Ukimaliza, fungua menyu ya zana utengeneze nakala ya kubeba kwenye flashi, na ukubali mipangilio yako inakiliwe pamoja. Ukifika steshenari ya Mwanga mjini kuchapisha barua, omba kuchomeka flashi yako: kompyuta ya watu itakusomea kwa sauti yako, kwa kasi yako, na kamusi yako ikiwemo.