Usiuze mapafu yako kwa mng'ao wa kigari

Je, wewe hutumia wikendi kupaka rangi vigari vya mfano? Burudani hii hutuliza akili, lakini ikifanyiwa katika chumba kilichofungwa yaweza kukuletea maradhi.

Rangi ya kupuliza na thina hutoa mvuke unaoumiza kichwa, kuwasha macho na kuleta kizunguzungu. Mvuke huo hushika moto upesi, kwa hivyo usipulize karibu na jiko, mshumaa au sigara.

Hatari kubwa zaidi imo katika vanishi inayochanganywa na hadina, kama ile ya mafundi wa magari. Nyingi zina aisosayaneti, kemikali inayoweza kuleta pumu. Mwili ukishaanza kuikataa, hata kiasi kidogo chaweza kukubana kifua. Kitambaa au barakoa ya vumbi haizuii mvuke huo. Kigari cha skeli ya 1:24, chenye urefu wa sentimita 20 hivi, hakihitaji vanishi hiyo.

Badala yake, fanya hivi:

1. Chagua rangi ya akriliki inayochanganywa na maji.

2. Pakia nje, mbali na watoto.

3. Lowesha msasa ili vumbi lisipae.

4. Nawa mikono kwa sabuni na maji, si thina.

Dalili zaweza kuchelewa saa kadhaa. Ukikohoa au kupumua kwa shida usiku baada ya kupaka, mwone daktari, nawe umbebee mkebe wa rangi uliyotumia.