Injini Ndogo na Tangi Lake

Leo tujifunze juu ya kitu tunachokisikia kila siku hapa Kisii na Nyamira: pawasoo ikiangusha mikaratusi.

Injini yake ni ya mipigo miwili. Haina oili inayokaa ndani kama ya gari, kwa hivyo oili huchanganywa na petroli. Nyingi hutaka sehemu 50 za petroli kwa 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa lita moja. Lita 5 je? Zidisha: 100. Lakini soma kwanza kitabu chake; za zamani zingine hutaka 25 kwa 1.

Pawasoo ikilazwa ubavu, mbona haizimi? Ndani ya tangi mna mpira laini wenye kizito mwishoni. Kizito hufuata petroli popote inapoenda. Ndege ndogo za injini zinazoongozwa kwa redio hutumia ujanja huo huo zikipinduka angani. Huko tangi huwekwa usawa wa kabureta, wala halizidishwi ukubwa, maana mafuta ni mzigo.

Mjomba wangu alitia petroli tupu, eti mara moja tu. Pistoni ilikwaruzika, na karo yangu ya muhula ikaenda kwa fundi. Wenzangu, pimeni kwanza! Haraka haraka haina baraka.